Jicho la Columbo Halikutatua Kesi Yoyote

Kuna habari njema inayotembezwa siku hizi na wachambuzi wa televisheni, na kila anayeipokea humpokeza mwenzake bila kuikagua. Zamani, wanasema, mtu mwenye ulemavu katika tamthilia ya upelelezi alikuwa muuaji. Alichechemea gizani, alikuwa na kovu shavuni au ndoano mahali pa mkono, na mtazamaji alimjua kabla hajatenda lolote. Leo huyo huyo ndiye mpelelezi. Ana usonji na anaona kisichoonwa na wenzake. Haoni, lakini anasikia moyo wa mshukiwa ukidunda. Hasikii, lakini anasoma midomo ya majambazi kutoka ng'ambo ya barabara. Ametoka kizimbani, ameingia ofisi ya upelelezi, na sisi watazamaji tunaombwa tupige makofi.

Mimi sipigi. Nadai kwamba mtu huyu amehamishwa kiti tu, na kazi anayofanya ni ile ile. Zamani ulemavu wake ulieleza kwa nini uhalifu ulitendeka. Sasa unaeleza kwa nini uhalifu ulitatuliwa. Huko na huku hakuitwa kwa ajili yake mwenyewe. Aliitwa kuwa maelezo ya jambo jingine.

Turudi mwaka 1967, maana mwaka huo televisheni ya Marekani ilianika jambo hili lote ndani ya siku 16. Tarehe 29 Agosti kituo cha ABC kilirusha kipindi cha mwisho cha The Fugitive. Kwa misimu minne, tangu 1963, Daktari Richard Kimble, aliyeigizwa na David Janssen, alikuwa mbioni. Alihukumiwa kwa kumuua mkewe, akatoroka, akawa anamsaka muuaji wa kweli. Na muuaji huyo watazamaji walimjua kwa alama moja tu: mwanamume mwenye mkono mmoja. Usiku ule mtu huyo alifukuzwa hadi juu ya mnara katika bustani ya michezo, akapigwa risasi, akaanguka. Kwa makadirio ya wakati huo, Wamarekani wapatao milioni 78 walimwona akianguka. Halafu tarehe 14 Septemba kituo cha NBC kikaanza msimu wa kwanza wa Ironside, habari za mkuu wa wapelelezi wa San Francisco aliyepigwa risasi na mdunguaji, akapooza, na akaendelea na kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ironside ilidumu hadi 1975.

Wapenda habari njema wangekuambia kwamba hizi hapa ndizo nyakati mbili zikipishana mlangoni, muuaji mlemavu akitoka na mpelelezi mlemavu akiingia. Basi tuulize waliokuwa ndani ya mavazi hayo ni akina nani.

Mwenye mkono mmoja aliigizwa na Bill Raisch. Alikuwa mcheza dansi wa jukwaani, akaenda Vita vya Pili vya Dunia, akarudi hana mkono wa kulia. Mwaka 1962 alionekana katika filamu ya Lonely Are the Brave akipigana na Kirk Douglas kwenye baa, na mwaka uliofuata akapata nafasi ya muuaji wa mke wa daktari. Ironside aliigizwa na Raymond Burr, mwanamume mzima wa viungo aliyekwisha jijengea jina kwa miaka tisa akiwa wakili Perry Mason. Kila siku ya kazi Burr alikuja kwa miguu yake, akaketi kwenye kiti, akarekodi, akainuka, akaenda zake.

Muuaji ni mlemavu wa kweli na shujaa ni wa kukodi. Tasnia ambayo kwa nusu karne ingekuambia kwamba waigizaji wenye ulemavu na wenye uzoefu hawapatikani, haikupata taabu yoyote kumpata mmoja ilipohitaji mtu wa kuua mwanamke. Taabu ilianza ilipohitaji mtu wa kukamata. Mwaka 2013 NBC ilipoifufua Ironside, ikihamishia kazi New York, ilimweka kitini Blair Underwood, naye hana ulemavu. Kipindi kilifutwa baada ya majuma machache, na sina machozi nacho. Mwaka 2016 taasisi ya Ruderman Family Foundation ilichunguza vipindi vilivyoongoza kwa watazamaji Marekani na kukuta kwamba kama asilimia 95 ya wahusika wenye ulemavu waliigizwa na watu wasio na ulemavu. Shujaa bado ni wa kukodi.

Lakini suala la nani anaigiza, ingawa ni zito na nitalirudia, si chimbuko la tatizo. Chimbuko lipo katika namna tamthilia ya upelelezi inavyotazama mwili wa binadamu. Hadithi hii inaishi kwa dalili: tope kwenye kiatu, kikombe kilichopinduliwa, tai iliyofungwa vibaya. Hakuna kinachoruhusiwa kuwa cha bure. Kwa hiyo mwili usiofanana na miili mingine ukiingia kwenye fremu, papo hapo unageuka ushahidi. Mwandishi akimpa mtu gongo, mtazamaji aliyezoea anaanza kuhesabu: gongo hili litafanya nini kabla ya saa kwisha?

Mazoea haya yana ukoo. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano Cesare Lombroso alichapisha kitabu chake juu ya mhalifu, akidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambulika kwa taya, kwa masikio, kwa urefu wa mikono. Miaka 11 baadaye Sherlock Holmes akaingia vitabuni. Sidai kwamba Arthur Conan Doyle alinakili kwa Lombroso. Nasema walipumua hewa moja. Katika The Sign of the Four ya mwaka 1890, Holmes anamfuata Jonathan Small kwa alama ya mguu wake wa mti. Katika The Man with the Twisted Lip ya mwaka 1891 tunakutana na ombaomba mwenye uso ulioharibika, ambaye mwishowe, akisuguliwa kwa sifongo yenye maji, anageuka kuwa bwana mzima mwenye mke na nyumba, anayejipatia riziki nono kwa kujifanya hivyo. Hapo hazina ya aina hii ya hadithi imekamilika: mlemavu aliyeua, na mlemavu wa uongo. Filamu ya The Usual Suspects ya mwaka 1995 iliishi kwa hila ya pili hiyo hiyo, mtu anayechechemea hadi dakika ya mwisho, kisha mwendo wake unanyooka na tunagundua kwamba tumechezewa.

Watu huiona hila hiyo kama werevu. Mimi naona mafunzo. Ukimfunza mtazamaji kwa zaidi ya karne kwamba anayechechemea huenda anadanganya, usishangae siku atakapomwona mtu mwenye kiti cha magurudumu akiinuka hatua mbili kufikia rafu dukani, halafu akamnong'oneza jirani yake kwamba huyo ni feki. Watumiaji wengi wa viti hivyo wanaweza kusimama kidogo, au kutembea kidogo siku nzuri. Hilo si siri ya kitabibu, ila halijawahi kufaa kwa kipindi kinachohitaji mshangao wa mwisho.

Sasa huyu mpelelezi mwenye kipaji anasemwa kuwa ndiye dawa ya yote hayo. Tumtazame.

Monk ilirushwa Marekani kuanzia 2002 hadi 2009, vipindi 125. Adrian Monk ana ugonjwa wa mawazo na matendo yanayojirudia: hawezi kushikana mikono bila kufuta kiganja, anahesabu nguzo za barabarani, anaogopa vijidudu, maziwa, urefu, na orodha isiyokwisha. Tony Shalhoub aliicheza nafasi hiyo kwa ustadi usio na shaka, akapewa tuzo tatu za Emmy. Wapo watazamaji wenye hali hiyo waliosema walijiona kwa mara ya kwanza, nami sina haki ya kuwanyang'anya furaha yao. Lakini angalia jinsi kipindi kinavyoendeshwa. Kwa dakika 30 tunamcheka Monk. Halafu kile kile tulichokuwa tunakicheka kinamwonesha kwamba picha imepinda ukutani kwa sababu muuaji aliigusa. Tunanyamaza, tunamheshimu, kesi imekwisha. Heshima imelipiwa. Juma lijalo tutamcheka tena na atatakiwa kulipa tena. Na kwa watu walio wengi wenye ugonjwa huo, mawazo yanayojirudia hayawaoneshi mauaji. Yanawala saa za siku, yanawachelewesha kazini, yanawavunjia ndoa. Hayana malipo.

Saga Norén wa Bron/Broen, mfululizo wa Sweden na Denmark uliodumu kutoka 2011 hadi 2018, ni mfano wa hali ya juu zaidi, na ndio maana unahitaji jicho kali zaidi. Sofia Helin anamcheza mpelelezi wa Malmö asiyeelewa utani, anayesema ukweli penye msiba, anayebadili fulana ofisini mbele ya wenzake. Dunia nzima ilimwita mwenye usonji. Mfululizo wenyewe haukuutaja usonji. Wengi waliusifu ukimya huo, wakisema unampa Saga uhuru wa kutofungwa na jina la ugonjwa. Kwangu ni mkopo usio na dhamana: unachukua mvuto wote wa hali ya watu fulani na huwajibiki kwa lolote kuihusu. Hata hivyo nakiri kwamba misimu ya mwisho ilimlipisha Saga gharama ambazo Monk hakulipishwa, na hapo ndipo kazi ile ilipokuwa kubwa.

Halafu kuna midomo. Kiziwi katika tamthilia ya polisi ni kinasa sauti chenye miguu. Sue Thomas: F.B.Eye, iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2005, ilijengwa juu ya mwanamke kiziwi aliyefanya kazi kweli FBI akisoma midomo kwenye kanda za video, na kwa sifa yake ilimpa nafasi hiyo Deanne Bray, mwigizaji kiziwi. Lakini ndani ya hadithi kila neno la mtuhumiwa linasomeka, hata akiwa mbali, hata akitafuna. Fanya jaribio. Simama mbele ya kioo, tamka bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Midomo inafumba mara mbili, inafumbuka mara mbili, na kioo hakijui kama umemtaja mzazi au samaki. Sasa upeleke ushahidi huo mahakamani katika kesi ya mauaji. Ndiyo maana naiheshimu Code of Silence ya ITV ya mwaka 2025. Rose Ayling-Ellis, kiziwi, anamcheza mfanyakazi wa kantini ya polisi anayeombwa asome midomo, na maneno yanamjia vipande vipande, yenye matundu, mpaka ayashone kwa kubahatisha. Mwandishi wake, Catherine Moulton, mwenyewe ana uziwi wa kiasi na husoma midomo. Mtu anayelijua jambo hajivuni nalo. Hata hapo, hata hivyo, polisi walimwita kwa sababu ya masikio yake. Angekuwa mpishi hodari tu, au mwanamke mwenye akili anayependa kuchungulia mambo ya watu, kipindi kisingekuwepo.

Tena kuna utaratibu mwingine, haujadiliwi vya kutosha. Mashujaa hawa mara nyingi ulemavu huwafikia kwa mkono wa mhalifu. Ironside alipigwa risasi. Mike Longstreet, mchunguzi wa bima asiyeona katika mfululizo wa ABC wa 1971 na 1972, alipofuka kwa bomu lililomuua mkewe. Monk hali yake iliporomoka baada ya mkewe kuuawa kwa bomu la gari. Wake wawili, mabomu mawili, miongo mitatu katikati. Ujumbe ni kwamba shujaa alikuwa mzima, akaonewa, kwa hiyo tunaruhusiwa kumpenda. Aliyezaliwa hivyo, au aliyeugua polio utotoni kama watu wengi wa rika la wazazi wetu, hana mhalifu wa kumlaumu na hivyo mara nyingi hana nafasi kwenye skrini.

Mtu wa pwani atanikumbusha methali: Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo. Ni maneno ya huruma, nami sina ugomvi nayo. Lakini yasomwe yalivyo. Yameahidi mwendo tu, hayakuahidi mabawa. Anayechechemea atafika kwa namna yake, basi. Televisheni imeichukua ahadi hiyo ndogo ya kibinadamu na kuitia chumvi mpaka ikawa sharti: ukiwa na kilema lazima uruke, na usiporuka hatuna haja nawe.

Watanijibu: kuna ubaya gani kumdhania mtu uwezo usio wa kawaida? Si afadhali kuliko kumdhania uovu? Jibu langu linatoka hapa kwetu, na si jibu la starehe. Kuanzia katikati ya muongo wa 2000, hasa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo, wakauawa, na watoto wakalazimika kuhamishiwa kwenye vituo vyenye ulinzi. Waliowawinda hawakutumwa na dharau peke yake. Waganga matapeli waliwaambia wachimba madini na wavuvi kwamba mwili ule una nguvu ya kuleta utajiri. Ilikuwa sifa. Ilikuwa imani kwamba mwili tofauti hauwezi kuwa tofauti bure, lazima ndani yake mna kitu cha kuwafaa wengine. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukateua mtaalamu huru wa kwanza wa haki za watu wenye ualbino.

Sisemi Adrian Monk amemkata mtu mkono. Umbali kati ya kipindi cha kuchekesha na panga ni mkubwa, na asiyeuona hafai kusikilizwa. Nasema tu kwamba hoja ya "afadhali sifa" haina kinga iliyojengewa ndani. Sisi tumeona sifa ikifika wapi. Wapiga kura wa Lindi Mjini walipomchagua Salum Khalfani Barwany mwaka 2010, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo Tanzania, walikuwa wanatafuta mbunge. Yale mengine hawakuyataka kwake.

Nirudi kwa waigizaji, maana hapa ndipo wapinzani wangu hujiona wameshika makali. Kuigiza ni kujifanya, wanasema. Kama asiye kiziwi haruhusiwi kumcheza kiziwi, basi muuaji tu ndiye atakayemcheza muuaji. Hoja hii huchekesha ikisemwa mara ya kwanza. Lakini wauaji hawajawahi kuzuiwa na ngazi kufika kwenye usaili. Hakuna mtayarishaji aliyemwambia muuaji kwamba bima itagoma, au kwamba mkalimani wa lugha ya alama atapandisha gharama. Mwaka 2019 wanachama wa chama cha kitaifa cha wasioona cha Marekani waliandamana New York kuipinga In the Dark, kipindi cha uhalifu ambacho mhusika mkuu asiyeona alichezwa na mwigizaji anayeona. Hawakuwa wakilalamikia falsafa ya sanaa. Walikuwa wakiomba kazi. Mwigizaji mwenye viungo vyote anaweza kucheza nafasi zote zilizobaki, maelfu kwa maelfu. Akimaliza kuzicheza hizo, tutazungumza.

Hoja nzito zaidi ni ya waandishi wenyewe, na inastahili jibu refu. Wanasema: wewe unataka ulemavu usioeleza chochote, lakini umekwisha kiri kwamba katika aina hii ya hadithi hakuna cha bure. Unatuomba tuvunje kanuni ya kazi yetu.

Hapo namwita Luteni Columbo.

Peter Falk aliondolewa jicho la kulia akiwa na umri wa miaka mitatu, kwa sababu ya saratani. Maisha yake yote alivaa jicho la bandia. Alisimulia mwenyewe jinsi mkuu wa studio ya Columbia, Harry Cohn, alivyomkataa akisema kwamba kwa bei ile ile angempata mwigizaji mwenye macho mawili. Akaenda televisheni. Kuanzia filamu ya majaribio ya mwaka 1968, kisha mfululizo wa NBC tangu 1971, hadi kipindi cha mwisho mwaka 2003, alimcheza Columbo, akapata Emmy nne kwa nafasi hiyo, na kuwa pengine mpelelezi anayependwa kuliko wote waliowahi kutokea kwenye skrini. Ule mtazamo wa kukunja jicho, kichwa kikiinama upande mmoja kama mtu anayesoma bei bila miwani, mamilioni waliujua kama wanavyojua koti lake la mvua lililokunjamana, sigara yake nene na Peugeot 403 iliyochoka, gari ambalo fundi yeyote wa zamani wa Gerezani au Kariobangi angelitazama kwa mapenzi.

Na jicho lile halikutatua kesi hata moja. Halikumpa uwezo wa kuona gizani. Hakulipata kwa mhalifu aliyepaswa kusakwa msimu mzima. Ukitoa utani mmoja wa kupita mwaka 1997, kipindi hakikulijadili. Columbo alikamata wauaji kwa sababu alikuwa msumbufu, mvumilivu, mwenye adabu ya kuudhi, na alijua kwamba matajiri hawamhesabu mtu aliyevaa vibaya. Jicho lilikuwa lake, basi, kama mguu wa mtu ulivyo wake.

Tazama tena alivyojengewa kipindi. Columbo inamwonesha muuaji mwanzoni. Hatutafuti ni nani, tunangoja namna atakavyonaswa. Na wauaji wake ni watu wa kutamanika: madaktari, waongozaji wa muziki, waandishi, wanawake waliopambika, miili isiyo na kasoro. Lombroso angewaachia wote. Kanuni ya dalili haikuvunjwa pale. Ilielekezwa kwenye mambo yanayostahili, uongo na saa na tabia, na mwili ukaachwa kwa amani.

Watasema jicho moja si lolote, halionekani vizuri. Basi chukueni CSI, iliyoanza mwaka 2000. Daktari Al Robbins, mchunguzi wa maiti, anatembea kwa gongo na miguu ya bandia. Aliyemcheza, Robert David Hall, alipoteza miguu yote miwili mwaka 1978 lori lilipogonga gari lake. Miguu ya Robbins ilitajwa mara chache, mara nyingine kwa mzaha, kisha watu wakarudi kwenye maiti. Chukueni Silent Witness ya BBC, ambako Liz Carr, mtumiaji wa kiti cha magurudumu na mwanaharakati asiyemung'unya maneno, alimcheza Clarissa Mullery wa maabara kutoka 2013 hadi 2020. Clarissa anakumbukwa kwa ulimi wake. Kanuni imekwisha vunjwa mara nyingi, na paa la nyumba halikuanguka.

Kuna jambo moja ambalo nitawaudhi nalo hata walio upande wangu. Mwaka 2018 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza kwamba haitafadhili tena filamu zinazompa mhalifu makovu usoni kama alama ya uovu. Naelewa, na kwa makovu nakubali. Lakini kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi, waondoe kabisa wahalifu wenye ulemavu. Hapana. Mimi nataka mwizi kiziwi. Nataka mwanamke asiyeona anayeghushi hati za viwanja, kwa ulafi ule ule unaomsukuma jirani yake anayeona. Breaking Bad ina Hector Salamanca, mzee aliyepooza anayezungumza kwa kengele, na kamera inaushibia uso wake kuliko ninavyopenda. Lakini Hector alikuwa katili alipokuwa akitembea. Kiti hakikumfanya mwovu, na hakikumtakasa. Katika tamthilia hiyo hiyo kuna kijana Walter White Mdogo, mwenye mtindio wa ubongo, aliyechezwa na RJ Mitte mwenye hali hiyo. Mashabiki walimtania kwa miaka kwamba hafanyi lolote ila kula kifungua kinywa. Wanadhani wamemkosoa. Kijana wa umri wa sekondari, magongo yakiwa pembeni, ana njaa asubuhi. Ni vipindi vingapi vya uhalifu vilivyofika hapo?

Wengine watanielewa vibaya wakidhani nataka ulemavu usahaulike, mtu aketi kwenye kiti cha magurudumu na kila jengo limfungukie. Huo nao ni uongo. Mwanahistoria Mmarekani Paul Longmore, aliyeishi na athari za polio, aliandika mwaka 1985 kwamba skrini hugeuza ulemavu kuwa suala la moyo wa mtu binafsi: je, amejikubali, ameshinda uchungu wake? Kwa kufanya hivyo, alisema, huficha kwamba kinachomzuia mtu huyo mara nyingi ni jamii. Kipaji cha mpelelezi kinafanya kazi hiyo hiyo ya kuficha. Mtu anayeweza yote hahitaji lifti.

Kwa hiyo nawaambia waandishi wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao sasa wana polisi wao wa kuandika, tangu Crime and Justice ya Showmax ya mwaka 2021 na nyinginezo: msimpe sajini wenu masikio ya popo. Mpeni jengo la mahakama. Sajini anatumia kiti cha magurudumu, ni mpelelezi wa kawaida, ana faili nzuri na mke anayemkasirikia. Kesi inatajwa saa tatu, orofa ya pili. Lifti imekufa tangu Jumatatu. Makonstebo wawili wanajitolea kumbeba, naye anakataa, kwa sababu mara ya mwisho walimwangusha. Karani anasema atamwomba mheshimiwa ashuke, lakini mheshimiwa hajafika, na mshtakiwa anaweza kuachiwa upande wa mashtaka usipokuwa tayari. Na wakili wa utetezi, amesimama pale juu ya ngazi na mkoba wake, alipita hapa juzi kuiangalia hiyo lifti.